Saa Kwanza, Kanuni Baadaye: Hesabu za Mwendokasi, Umbali na Muda

Muulize mwanafunzi wa darasa la sita kanuni ya mwendokasi, atakujibu kabla hujamaliza swali: umbali gawanya kwa muda. Sasa mpe basi lililoondoka saa 9:40 alasiri, likaenda kilomita 285 na kufika saa 2:25 usiku, akutafutie mwendokasi wake. Hapo kalamu inasita. Kanuni anayo, kugawanya anajua, ila saa imemgomea.

Ukisahihisha maswali haya kwa makini utaona kwamba makosa mengi hayako kwenye kanuni. Yako kwenye muda: namna ulivyohesabiwa, ulivyoandikwa, au ulivyosahaulika. Umbali kwa kawaida hutolewa mzima, na mwendokasi hutolewa mzima. Muda ndio unaokuja umefichwa ndani ya saa ya kuondoka na saa ya kufika, umechanganyika na mapumziko, na umehesabiwa kwa sitini wakati vipimo vingine vyote vinakwenda kwa kumi na mia. Ndiyo maana ninaanza na saa.

Kutoa saa

Turudi kwa basi letu. Kutoa 9:40 kwenye 2:25 hakuleti kitu, kwa sababu katikati ipo saa 12 jioni, na hapo hesabu ya saa zetu huanza upya. Basi ivunje safari hapohapo. Kutoka saa 9:40 hadi saa 12:00 ni saa 2 na dakika 20. Kutoka saa 12:00 hadi saa 2:25 usiku ni saa 2 na dakika 25. Jumla ni saa 4 na dakika 45.

Saa ya Kiswahili ina faida moja ambayo hatuitumii vya kutosha. Kwa kuwa usiku tunauhesabu kuanzia jioni, usiku mzima ni kipande kimoja kisichokatika, saa 1 hadi saa 12. Lori lililoondoka saa 3:30 usiku na kufika saa 10:15 alfajiri unalitoa moja kwa moja: 10:15 toa 3:30. Ukiandika safari hiyohiyo kwa mtindo wa saa 24, ni 21:30 hadi 04:15, na usiku wa manane unakata hesabu katikati. Mwanafunzi aliyezoea kutoa namba ndogo kwenye kubwa ataandika 17:15 bila wasiwasi wowote. Kwetu sisi mpaka uko saa 12, asubuhi na jioni. Safari isiyovuka mpaka huo, toa tu. Inayovuka, ivunje.

Katika kutoa 10:15 kwa 3:30, dakika 15 haziwezi kutoa 30, kwa hiyo unakopa saa moja. Saa uliyoikopa huja na dakika 60, zikawa 75. Kwa hiyo 9:75 toa 3:30 ni 6:45, yaani saa 6 na dakika 45. Aliyekopa mia kwa mazoea atakuwa na dakika 115, na jibu lake litakuwa saa 6 na dakika 85. Kosa hili hujitangaza lenyewe, maana dakika haziwezi kufika 85. Lakini halijitangazi kila mara. Katika 8:10 toa 5:50, aliyekopa mia atapata 2:60, na hapo bado unaliona. Akipewa 8:10 toa 5:55 atapata 2:55, jibu linaloonekana safi kabisa, ilhali jibu la kweli ni 2:15.

Tiketi za treni na ndege huandikwa kwa saa 24. Kuleta kwenye saa yetu, toa 6. Ikifika 13 au zaidi, toa 12 tena. Kama namba ya saa ni ndogo kuliko 7, ongeza 6 badala ya kutoa. Kwa hiyo 21:30 inakuwa 15:30, halafu 3:30 usiku. Na 04:15 inakuwa 10:15 alfajiri. Angalia pia tarehe: 00:20 ya Jumanne ni saa 6:20 usiku wa kuamkia Jumanne, na watu wamekosa ndege kwa kufika uwanjani Jumanne jioni. Kwenye karatasi ya hesabu kosa kubwa zaidi ni kuchanganya mitindo miwili, kuondoka kwa saa yetu na kufika kwa saa 24. Jibu litapotoka kwa saa 6 kamili. Chagua mtindo mmoja uandike nyakati zote kwa mtindo huo kabla hujagusa kitu kingine.

Dakika 45 haziandikwi .45

Basi letu limetumia saa 4 na dakika 45. Ukigawanya 285 kwa 4.45 unapata 64.04 na desimali zisizokwisha. Ukigawanya kwa 4.75 unapata 60 kamili. Dakika 45 ni 45/60 ya saa, yaani robo tatu, na robo tatu ni 0.75. Katika mitihani ya shule, ambako maswali hutungwa yatoke vizuri, desimali ndefu zisizotarajiwa ni dalili ya kwanza ya kurudi kwenye muda. Nje ya mtihani dalili hiyo haipo, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Dakika 6 ni 0.1 ya saa. Kutoka hapo unapata 12 ni 0.2, 18 ni 0.3, 36 ni 0.6, 48 ni 0.8. Dakika 15 ni robo, 30 ni nusu. Dakika 20 na 40 ni theluthi moja na theluthi mbili, na hizi ziache ziwe sehemu. Safari ya saa 1 na dakika 20 kwa kilomita 75 kwa saa ni 75 × 4/3, kilomita 100 kamili. Ukiandika 1.33 unapata 99.75, na robo kilomita imepotea njiani bila mtu kuiona.

Kosa la kuandika saa kama desimali huwa la hatari zaidi pale jibu linapokaribia ukweli. Tarehe 8 Oktoba 2023 huko Chicago, Kelvin Kiptum wa Kenya alimaliza maratoni, kilomita 42.195, kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35. Mtu akiandika 2.0035 kwenye kikokotoo atapata kilomita 21.06 kwa saa. Inaonekana sawa. Lakini sekunde 35 ni 35/3600 ya saa, kama 0.0097, kwa hiyo muda ni saa 2.0097 na mwendokasi ni kilomita 21.00 kwa saa. Njia salama ni kugeuza muda wote kuwa sekunde kwanza: 7,235. Wakimbiaji wenyewe husema kwa kugeuza, muda kwa kila kilomita: 7,235 gawanya kwa 42.195 ni sekunde 171.5, yaani dakika 2 na sekunde 51.5. Kwa lugha hiyo unaona vizuri kwamba zile sekunde 35 za kufikia saa 2 kamili hazifiki hata sekunde moja kwa kila kilomita.

Kilomita kwa saa, mita kwa sekunde

Ile pembetatu ya kufunika kwa kidole, yenye umbali juu na mwendokasi na muda chini, siipendi sana. Inakuambia uzidishe au ugawanye, lakini haikuambii kama vipimo vyako vinaelewana. Afadhali kukisoma kipimo chenyewe kwa sauti. "Kilomita 60 kwa saa" maana yake kila saa moja, kilomita 60. Saa 4 ni 60 mara nne. Kilomita 180 zina sitini ngapi? Tatu, basi ni saa tatu. Anayesoma hivyo hahitaji pembetatu, na mara moja ataona kitu hakikai sawa akipewa kilomita kwa saa pamoja na dakika au mita.

Kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 1000 na ugawanye kwa 3600, ambayo ni sawa na kugawanya kwa 3.6 au kuzidisha kwa 5/18. Kurudi nyuma, zidisha kwa 3.6. Wanaosahau ipi ni ipi wakumbuke kwamba namba ya mita kwa sekunde huwa ndogo siku zote: 36 ni 10, 54 ni 15, 72 ni 20, 90 ni 25, 108 ni 30.

Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, na kuweka rekodi ya dunia. Dakika 3 ni sekunde 180, kwa hiyo muda ni sekunde 212.2. Mita 1500 gawanya kwa 212.2 ni 7.0688 mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 unapata 25.45 hivi, au 25.4 kwa desimali moja. Lakini aliyekadiria mapema, akaandika 7.07 na kuzidisha kwa 3.6, anapata 25.452, na kwa desimali moja ataandika 25.5. Kadiria mara moja tu, mwishoni. Katikati beba namba nzima, au bora zaidi acha kila kitu kwenye sehemu moja: 1500 × 3.6 gawanya kwa 212.2.

Kabla ya kuendelea, weka kichwani mwendo wa vitu unavyovijua, uwe mizani yako. Mtu mzima anayetembea huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kiptum 21. Basi la abiria Tanzania lina ukomo wa 80, na katika maeneo ya makazi 50. Reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania imejengwa kwa ajili ya treni za hadi 160. Ukipata mtembea kwa miguu wa kilomita 24 kwa saa, au basi la 165, rudi kwenye muda wako kabla hujarudi popote.

Wastani

Hapa ndipo hata watu wazima wenye shahada huanguka. Gari limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Mwendokasi wa wastani? Wengi watasema 50. Jibu ni 48.

Swali halikutoa umbali, na hauhitajiki. Chagua wowote unaogawanyika kwa 60 na kwa 40; kigawe kidogo cha shirika ni 120. Kwenda kilomita 120 kwa 60 ni saa 2. Kurudi kwa 40 ni saa 3. Jumla ya umbali ni 240, jumla ya muda ni saa 5, na 240 gawanya kwa 5 ni 48. Ukichagua kilomita 600 utapata 48 vilevile. Sababu iko kwenye zile saa 2 na saa 3: gari lilikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, kwa hiyo mwendo wa polepole una uzito mkubwa zaidi. Katika wastani wa mwendokasi, mizani inashikwa na muda. Kama swali lingesema gari lilikwenda saa 2 kwa 60 na saa 2 kwa 40, hapo muda ni sawa na 50 ni jibu sahihi. Soma kama kilichogawanywa sawasawa ni umbali au ni muda.

Wapo wanaopinga kwa kusema tofauti ni ndogo. Ni ndogo pale mwendo unapokaribiana. David Rudisha wa Kenya alipokimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, mita 400 za kwanza zilimchukua sekunde 49.28 na za pili 51.63. Mwendokasi wa vipande hivyo ni 8.117 na 7.747 mita kwa sekunde. Katikati yake ni 7.932, wastani wa kweli ni 800 gawanya kwa 100.91, ambao ni 7.928. Wanatofautiana kwenye desimali ya tatu. Sasa chukua 100 kwenda na 20 kurudi: katikati ni 60, wastani wa kweli ni 33.3. Tofauti hiyo ni sawa na kutoa mwendo mmoja kwenye mwingine, kujizidishia jibu, na kugawanya kwa mara mbili ya jumla ya kasi hizo mbili. Kwa 60 na 40: 20 × 20 ni 400, gawanya kwa 200, ni 2.

Swali moja zuri la kumpa mtoto anayedhani ameelewa: gari limekwenda nusu ya kwanza ya safari ya kilomita 240 kwa 40 kwa saa. Nusu ya pili liende kwa kasi gani ili wastani wa safari nzima uwe 80? Atasema 120. Lakini kilomita 240 kwa wastani wa 80 zinahitaji saa 3, na nusu ya kwanza imeshakula saa 3 zote. Hakuna mwendo wowote utakaoliokoa gari hilo.

Na mapumziko? Swali likisema wastani wa safari nzima, dakika za kusimama zimo. Likisema mwendokasi wakati gari likitembea, hazimo. Pigia mstari maneno hayo kabla ya kuhesabu.

Kukutana na kufukuzana

Reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ina urefu wa kilomita 472 hivi. Tuseme treni ya abiria inaondoka Mombasa kwa wastani wa 78, na dakika hiyohiyo treni ya mizigo inaondoka Nairobi kwa wastani wa 40. Kila saa pengo kati yao linapungua kwa 78 na 40, yaani 118. Kilomita 472 gawanya kwa 118 ni saa 4. Zinakutana kilomita 312 kutoka Mombasa, 160 kutoka Nairobi, na 312 na 160 zinarudisha 472. (Njia yenyewe ni ya reli moja, kwa hiyo treni halisi zinapishana mahali penye njia ya pembeni tu, na mojawapo italazimika kusubiri.)

Ukielekea upande mmoja, unatoa badala ya kujumlisha. Basi limeondoka saa 1:00 asubuhi kwa 60 kwa saa, gari dogo likalifuata saa 2:30 kwa 90. Gari linapoanza, basi liko mbele kilomita 90. Pengo linapungua kwa 30 kila saa, hivyo saa 3. Kosa linaloonekana kila mwaka ni kuzihesabu saa hizo 3 kutoka saa 1:00 na kuandika saa 4:00. Saa 3 ni za anayefukuza. Zihesabu kutoka saa 2:30, ni saa 5:30. Jihakikishie: basi limetembea saa 4 na nusu, 270, gari saa 3, 270.

Treni ina urefu, na hapo ndipo wengi hukwama. Treni ya mita 200 inayokwenda 160 kwa saa inapita nguzo kwa muda gani? Umbali ni urefu wa treni yenyewe, kuanzia kichwa kinapofika kwenye nguzo hadi mkia unapoiacha: 200 × 3.6 gawanya kwa 160, sekunde 4.5. Kupita daraja la mita 300, kichwa kinaingia na mkia unatoka, hivyo mita 500: sekunde 11.25. Anayetumia 300 peke yake ameiacha treni juu ya daraja.

Swali tamu zaidi la aina hii halitaji urefu wala mwendo. Treni inapita nguzo kwa sekunde 8 na daraja la mita 300 kwa sekunde 23. Ile sekunde 8 inatosha kupitisha urefu wake. Sekunde 15 zilizozidi ni za daraja peke yake. Mita 300 kwa sekunde 15 ni 20 kwa sekunde, kilomita 72 kwa saa, na urefu wa treni ni 20 × 8, mita 160. Hakuna mlinganyo uliohitajika, ni kutofautisha tu sekunde zipi ni za nani.

Mto

Boti inayokwenda 12 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, katika mkondo wa 3, itateremka kwa 15 na kupanda kwa 9. Ukipewa 15 na 9, nusu ya jumla ni mwendo wa boti, nusu ya tofauti ni mkondo. Wengi hudhani mkondo unajilipa wenyewe, unachokupa kuteremka ndicho unachokunyang'anya kupanda. Unalipa pungufu. Kwa kilomita 45, kuteremka ni saa 3, kupanda ni saa 5, na 90 kwa saa 8 ni 11.25, chini ya 12. Boti imekaa muda mrefu zaidi ikipambana na maji kuliko ikisaidiwa nayo.

Tuipe boti hiyo saa. Imeondoka saa 11:30 alfajiri ikiteremka, ikapumzika saa 1 na dakika 15, ikarudi. Itafika lini? Saa 11:30 hadi 12:00 ni nusu saa; zimebaki saa 2 na nusu, basi inafika chini saa 2:30 asubuhi. Inaanza kupanda saa 3:45. Ongeza saa 5: saa 8:45 mchana. Wastani wa safari nzima pamoja na mapumziko ni 90 gawanya kwa 9.25, kama 9.7 kwa saa. Na kujua kama saa hazikukosewa, hesabu kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo mmoja: nusu saa hadi saa 12:00, kisha saa 8 na dakika 45, jumla saa 9 na dakika 15. Vipande vyenyewe, 3 na 5 na 1:15, vinatoa 9:15 ileile.